Pilau ya watu sita, mlaji mmoja

Mwanangu wa Nyamirambo,

Barua yako imenichekesha pale pilau ya Jumapili ilipofika Alhamisi ikiwa bado sufuriani. Imenihuzunisha pale unaposema kwamba siku hizi unakunywa chai na mkate umesimama, kwa kuwa kujipikia peke yako unaona ni ufujaji, na kila ukimtazama mpishi maarufu kwenye simu unajiona huna mikono.

Mikono unayo. Yule wa kwenye simu ana watu wanaommenyea vitunguu na wengine wanaomwoshea vyombo. Hapo hapo Kigali, Dieuveil Malonga, mzaliwa wa Kongo Brazzaville, alifungua mgahawa wake Meza Malonga mwaka 2020, na sahani moja ya pale imepita mikononi mwa kundi zima la vijana. Kwake jifunze kimoja tu: kuviheshimu vyakula vya Afrika. Maua ya juu ya sahani mwachie mwenyewe.

Kuhusu ufujaji, nakukatalia kabisa. Judith Jones, mhariri wa Marekani aliyesimamia vitabu vya mapishi vya Julia Child, alifiwa na mumewe mwaka 1996. Alidhani hataonja tena raha ya kupika. Mwaka 2009, akiwa na miaka 85, alitoa kitabu kizima cha kumpikia mtu mmoja, *The Pleasures of Cooking for One*. Kiporo kwake kilikuwa mwanzo wa mlo mwingine, wala hakuona aibu kukila.

Sasa pilau yako. Ulipojaribu tena ukagawa kila kitu kwa sita, ikaungua. Mchele unagawanyika, maji hayagawanyiki vivyo hivyo: sufuria pana hukausha haraka, uwe umetia kikombe kimoja au sita. Tafuta sufuria ndogo yenye mfuniko unaobana, na maji uyazidishe kidogo.

Maharage usichemshe mwenyewe kila mara, utamaliza mkaa kwa ajili ya bakuli moja. Nunua yaliyokwisha kuchemshwa, Kigali yanauzwa. Leo yaunge kwa kitunguu na nyanya, ule na ndizi za kupika. Kesho yaliyobaki yaponde pamoja na viazi vya Kinigi, utie majani ya mchicha, dodo, dakika za mwisho. Hapo umekula milo miwili isiyofanana, na hakuna kilichotupwa.

Halafu hili uliloandika la samaki aina ya salmon limenigusa. Mtoto wa Kigoma unahangaika na samaki wa kopo la bei kali, na sokoni Kimironko kuna samaki wadogo, sambaza! Hao ni wa kwenu hasa: walitolewa Ziwa Tanganyika wakapandikizwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, wakazaana mpaka wakawa kitoweo cha watu wa huko. Nunua fungu dogo, la kutosha jioni moja. Waoshe, wakaushe vizuri kwa kitambaa, maana wakiwa na maji mafuta yatakurukia. Chumvi, unga kidogo, kisha mafuta ya moto sana, wachache wachache, mpaka uwasikie wanakwaruza ukiwageuza kwa kijiko.

Pakua sahanini, uketi kitini. Kamulia limau. Mafuta ya pilipili ya Akabanga anza na tone moja, onja, ndipo uongeze la pili.