Somo la 17: Mdudu wa Mlimau

Ankoro iko pale mto Luvua uingiapo katika mto Lualaba. Mwezi wa kumi mvua hurudi, majani huchipuka, na vipepeo huwa wengi. Asubuhi moja mwalimu aliwatoa wanafunzi wake darasani, akawaambia: "Leo kitabu chetu ni njia. Macho yafanye kazi, mikono itulie."

Walifuata njia ya mtoni. Penye matope vipepeo wengi walikuwa wametua pamoja, wakifyonza maji yenye chumvi. Juu ya mto mdiria mweusi na mweupe alisimama hewani akipigapiga mabawa, halafu akajitupa majini, akatoka na samaki mdogo. Mbayuwayu wenye koo la rangi ya kutu walipita upesi wakikamata wadudu. "Hawa wametoka Ulaya," mwalimu alisema. "Huko baridi ikianza, wadudu hupungua, ndipo wajapo kwetu."

Waliporudi, mvulana mmoja aliona juu ya jani la mlimau kitu mfano wa mavi ya ndege. Mara kikajongea! "Mdudu anakula mlimau wetu!" akasema, akachukua kijiti amponde.

"Ngoja, mwanangu," mwalimu alisema. "Kiwavi mmoja hamalizi mti. Kule mtoni ulimsifu kipepeo mweusi mwenye madoa ya manjano. Huyu ni mtoto wake."

Walimtia kiwavi katika chupa pana, pamoja na kijiti, wakaifunika kwa kitambaa. Kila siku walimpa majani mabichi. Alikua, akawa wa kijani. Kisha alijifunga kwenye kijiti kwa uzi mwembamba, akatulia ndani ya ganda, hali wala hajongei. Watoto walisema: "Amekufa." Lakini baada ya majuma mawili hivi ganda lilipasuka. Aliyemwona kipepeo kwanza ni yule mvulana aliyetaka kumponda. Yeye mwenyewe aliondoa kitambaa, kipepeo akaruka.

Msichana mmoja akauliza: "Mwalimu, na viwavi tunaowala nyumbani?"

"Wengi wao ni watoto wa nondo. Kipepeo huruka mchana. Akitua, mara nyingi husimamisha mabawa yake pamoja. Nondo wengi huruka usiku, nao hulaza mabawa. Mungu ametupa viwavi kuwa chakula. Lakini tukiwaokota wote bila kubakiza, tukaukata na mti wao, nani atataga mayai? Mwaka ujao mama zenu watapika nini?"

Watoto wakanyamaza, wakifikiri.

Maswali
1. Mbayuwayu hawa huja kwetu kwa sababu gani?
2. Kwa nini watoto walidhani kiwavi amekufa?
3. Kipepeo na nondo hutofautianaje?
4. Ukienda kuokota viwavi, utafanya nini ili mwaka ujao wapatikane tena?