SOMO LA WATUNZA HESABU: KUYAULIZA MADAFTARI YANAYOHUSIANA

Katika chama cha msingi, habari za mwanachama mmoja haziandikwi mahali pamoja. Jina lake limo katika rejista ya wanachama. Kilo alizoleta zimo katika daftari la mapokezi. Deni lake limo katika daftari la mikopo. Kiungo cha madaftari hayo ni namba ya uanachama. Mwaka 1970 Edgar Codd, mtaalamu wa kampuni ya IBM, alieleza msingi kama huo kwa kompyuta: habari zipangwe katika majedwali yanayohusishwa kwa yale yaliyoandikwa ndani yake.

Django, mfumo wa kutengenezea programu za tovuti kwa lugha ya Python, uliotolewa kwa umma mwaka 2005, hufuata msingi huo. Mtunza hesabu hana budi kufahamu jinsi programu ya namna hiyo inavyouliza, kwani jibu la kompyuta huweza kupendeza macho ilhali si la kweli.

Kosa la kwanza: kupoteza wakati

Programu ikisoma orodha ya mizigo 300, kisha ikauliza jina la mwenye kila mzigo, itakuwa imeuliza mara 301. Ni sawa na karani anayekwenda ghalani na kurudi kwa kila stakabadhi. Amri ya select_related huleta mzigo pamoja na mwenyewe kwa swali moja. Pale mwanachama mmoja anapokuwa na mizigo mingi, amri ya prefetch_related huuliza mara mbili tu: wanachama, kisha mizigo yao yote.

Kosa la pili: kuzidisha hesabu

Hili ni zito zaidi. Ichukuliwe kwa mfano kuwa mkulima wa zabibu wa Miyuji ameleta mizigo mitatu: kilo 120, 80 na 100. Jumla ni kilo 300. Amekopa mara mbili: shilingi 20,000 na 30,000. Jumla ni shilingi 50,000.

Programu ikiombwa jumla zote mbili katika swali moja la annotate, kila mzigo huunganishwa na kila mkopo. Mistari huwa sita. Kilo husomeka 600, na deni shilingi 150,000. Hivyo chama kitalipia kilo 300 kisizopokea, na mkulima atakatwa shilingi 100,000 asizokopa.

Kosa hili hujificha. Asiyekopa kabisa, kilo zake hutoka sawasawa; kwa hiyo kukagua jina moja hakutoshi. Wala kuondoa tarakimu zinazofanana si dawa, maana mizigo miwili ya kilo 80 itahesabiwa kama mmoja.

Dawa ni kujumlisha kila daftari peke yake, ama kwa maswali mawili au kwa amri ya Subquery, ndipo majibu yaoanishwe kwa namba ya uanachama. Kabla ya malipo, jumla ya kilo za wanachama wote ilinganishwe na daftari la mizani.

Maswali ya majadiliano

1. Mwanachama ameleta mizigo mitatu na kukopa mara moja. Ni jumla ipi itakayokosewa, na kwa nini?

2. Katika chama chenu, nani hulinganisha taarifa ya kompyuta na stakabadhi kabla ya wanachama kulipwa?