Nunua kwa Akili: Jinsi ya Kuchagua Gitaa Dogo Lenye Shingo Isiyochosha Mkono

Gitaa si unga. Ukinunua pakiti ya unga mbaya, keshokutwa unabadilisha duka na maisha yanaendelea. Gitaa ukilikosea unakaa nalo miaka, ama linaishia nyuma ya mlango likikusanya vumbi na pesa zako zimeshaenda. Kwa mtu aliyeweka mia mia kwenye simu tangu mwaka uanze, hiyo si hasara ndogo.

Leo basi kwenye masomo yetu ya kununua kwa akili tunazungumzia gitaa la mbao, lile lisilohitaji umeme, lenye mwili mdogo na shingo inayokaa vizuri mkononi. Tutaanza na gitaa lenyewe, halafu tutamaliza na jinsi ya kulilipia bila kupigwa. Somo hili ni lako ikiwa unataka kujifunza, unamnunulia mtoto, ama kwaya ya kanisa imechanga na wewe ndiye umetumwa mjini.

Kwa nini mwili mdogo?

Gitaa unaloliona sana madukani ni lile kubwa linaloitwa dreadnought. Sehemu yake pana ina karibu sentimita 40, na kina chake ni zaidi ya sentimita 12. Sauti yake ni nzito na inasikika mbali. Lakini mtu mwenye mwili mdogo akikaa nalo, mkono wa kulia unaninginia hewani, bega linapanda juu, na baada ya nusu saa mgongo unauma. Wengi hufikiri hawana kipaji, kumbe wamekumbatia sanduku lisilo saizi yao.

Magitaa madogo yana majina yake. Kampuni ya Martin ya Marekani, iliyoanza mwaka 1833, huyapanga kwa sifuri: 0, 00 na 000. Kadiri sifuri zinavyopungua ndivyo mwili unavyopungua. Aina ya 000 ina upana wa kama sentimita 38 na kina cha sentimita 10 na nusu. Aina ya 0 inashuka hadi sentimita 34 hivi. Zile sentimita mbili za kina ndizo mkono wako utazisikia kwanza. Yamaha nao wana FS, ambayo ni ndogo kuliko ndugu yake FG. Usikariri majina haya yote. Enda na tepu ya fundi cherehani, pima upana na kina, utajua umeshika nini hata kama maandishi yamefutika.

Sisi watu wa Pwani jambo hili si geni kwetu. Mpiga udi wa taarabu, kama marehemu Zein l'Abdin wa Lamu aliyeishi hapa Mombasa, alikuwa na chombo kinacholala kifuani na shingo fupi ambayo mkono unaimaliza bila kunyooka. Gitaa dogo linakupa starehe inayokaribia hiyo.

Halafu mwili mdogo haumaanishi sauti mbovu. Sauti inakuwa na besi kidogo, lakini kila uzi unasikika peke yake. Ukipenda kupiga kwa kudonoa nyuzi kwa dole gumba na kidole cha shahada, kama walivyofanya Jean-Bosco Mwenda wa Katanga na George Mukabi wa magharibi mwa Kenya, hiyo ndiyo sauti unayotafuta.

Shingo: vipimo vitatu vya kuangalia

Cha kwanza ni upana wa shingo pale juu, kwenye kile kipande cheupe nyuzi zinapopita kabla ya kufika kichwani. Magitaa mengi ya nyuzi za chuma yana milimita 43 hapo. Mengine yana 44 na nusu. Yale ya nyuzi za nailoni hufika 52. Vidole vifupi hupenda 43. Vidole vinene, au mtu wa kudonoa, hupenda 44 na nusu kwa sababu vidole havigongani. Hizo 52 ni pana, na mtoto wa miaka kumi atahangaika kufikia uzi mnene.

Cha pili ni urefu wa uzi, kuanzia kile kipande cheupe hadi kwenye daraja nyuzi zinapoishia. Dreadnought ina karibu milimita 645, Yamaha FS800 ina 634, na yale madogo ya safari kama Little Martin yana 584. Uzi ukiwa mfupi, vile vyuma vya shingoni, yaani freti, hukaribiana na uzi huwa laini zaidi kubonyeza. Kwa mtoto kuna ya robo tatu. Yamaha JR1, kwa mfano, ina milimita 540.

Cha tatu ni mgongo wa shingo, pale kiganja kinaposhika. Kuna migongo myembamba yenye umbo la herufi C na kuna minene kama mpini wa jembe. Hapa hakuna jibu moja. Funga macho, zungusha mkono, pandisha na ushushe. Dole gumba likitulia katikati bila kukaza, hiyo ni yako. Likianza kuuma ndani ya dakika tano, lirudishe hata kama rangi imekupendeza.

Dakika kumi kabla ya kutoa pesa

Usimwambie muuzaji "nipe tu". Kaa kwenye kiti, omba dakika kumi, fanya haya:

1. Chungulia shingo kutoka kichwani kama fundi anayeangalia ubao. Ikiwa imepinda ubavuni au imejisokota kama kamba, ondoka.

2. Pima nyuzi ziko juu kiasi gani. Toa kadi zako za benki. Kila moja ina unene wa karibu robo tatu ya milimita. Enda freti ya 12, weka kadi tatu pamoja chini ya uzi mnene. Zikipita kwa kugusa kidogo, ni sawa. Nne zikiingia zikicheza, nyuzi ziko juu na vidole vitakuwaka. Kwa nyuzi za nailoni, hata kadi tano ni kawaida. Huna kadi? Azima rula ya shule.

3. Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza na pale shingo inapokutana na mwili, kwa wakati mmoja. Angalia katikati. Unataka uwazi mdogo, kama unene wa kadi ya harusi. Uwazi ukiwa mkubwa, uliza kama shingo ina chuma cha ndani cha kukaza. Kikiwepo, fundi anarekebisha. Kisipokuwepo, huo ndio ugonjwa wake.

4. Piga kila uzi kwenye kila freti, pole pole. Mlio wa "zzz" sehemu moja ni freti iliyoinuka. Shingo nzima ikilia hivyo, kazi ni kubwa.

5. Pitisha kiganja kando ya shingo. Ncha za freti zikikukwaruza, zitakukwaruza kila siku.

6. Chukua kipande cha karatasi, jaribu kukiingiza chini ya daraja. Kikiingia, gundi imeachia. Tazama pia kama ubao nyuma ya daraja umefura kama tumbo.

7. Mwisho jaribu kodi ya F, si ile ya KRA, ile ya kubonyeza nyuzi zote sita kwa kidole kimoja. Kama bado hujui kupiga, enda na mtu anayejua. Soda yake ni bei nafuu kuliko gitaa bovu.

Onyo moja zaidi. Usikubali gitaa la nailoni lililofungwa nyuzi za chuma. Chuma kinavuta kwa nguvu zaidi, na daraja litang'oka.

Joto na chumvi ya Pwani

Mbao za gitaa hupenda unyevu wa wastani, asilimia 45 hadi 55. Sisi tunaishi kando ya bahari, na hapa unyevu uko juu karibu mwaka mzima. Mbao inakunywa maji, inafura, nyuzi zinapanda juu. Gitaa lililokuwa laini mwezi wa Februari linaweza kuwa gumu masika yakiingia. Ndiyo maana tunasisitiza chuma cha kukaza shingo. Nairobi unaweza kukisahau, Kongowea utakihitaji.

Chumvi ya upepo nayo inakula nyuzi. Zifute kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza. Gitaa likae ndani ya begi pamoja na vile vipakiti vyeupe vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Usiliache chini ya mabati saa saba mchana, wala kwenye buti la gari. Gundi inalainika.

Piga hesabu kwanza

Bei ya gitaa si mwisho wa matumizi. Ongeza begi, seti ya nyuzi za akiba, na pesa ya fundi wa kushusha nyuzi. Tuseme yote yamefika shilingi 12,000. Ukiweka mia moja kila siku kwenye akaunti ya akiba ya simu yako, ni siku 120, yaani miezi minne. Ukikopa ili ulichukue leo, utalipa ada ya mkopo juu yake, na gitaa halitakuingizia hata shilingi hiyo miezi ya kwanza. Ushauri wetu ni uweke akiba, na miezi hiyo minne uitumie kuzunguka na kushika magitaa tofauti bila presha.

Kuhusu mtumba, usiudharau. Anayenunua nguo soko la Kongowea anajua kwamba mtumba mzuri unashinda kipya cha bei rahisi, ilimradi uwe na jicho. Gitaa la zamani lililotunzwa vizuri mbao zake zimetulia. Lakini uliza limetoka wapi. Kupokea mali ya wizi ni kosa chini ya kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu, na "sikujua" ni ngumu kuaminika ukiwa umenunua robo ya bei usiku kichochoroni.

Kulipa bila kupigwa

Hapa ndipo wengi huumia. Chukua mfano huu. Umeona picha ya gitaa kwenye mtandao, muuzaji yuko Likoni, bei ni tamu. Unamwandikia, anakujibu, "Bro, kuna mtu anakuja saa kumi, tuma elfu tatu nikushikie." Ukituma, umenunua picha. Shingo haipimwi kwa picha, na mtu anayekuharakisha hataki upime.

Kwa hivyo shika haya:

Usitume deposti kabla hujashika shingo kwa mkono wako. Kutaneni mchana, mahali penye watu. Nauli ya matatu na kusubiri feri ni gharama ndogo.

Likiwa dukani, lipa kwa till ya duka badala ya nambari ya mtu binafsi. Kwa kawaida mnunuzi halipi ada, na jina la biashara linabaki kwenye ujumbe wako. Muuzaji akisema "tuma kwa hii nambari ya cousin", uliza kwa nini.

Soma jina linalotokea kwenye skrini kabla ya kukamilisha. Lisipolingana na mtu aliye mbele yako, simama hapo.

Gitaa likitoka mbali kwa basi, omba simu ya video aoneshe shingo, freti na daraja. Kubalianeni ulipe ukiwa umelifungua ofisi ya mizigo. Akikataa kabisa, tafuta jingine.

Tunza ujumbe wa malipo na umwambie muuzaji akuandikie hata kwa SMS: gitaa gani, bei gani, atakubali kurudishiwa ndani ya siku ngapi.

Na hili lieleweke. Kurudisha muamala ni kwa pesa zilizoenda kwa nambari isiyo sahihi. Si njia ya kurudisha bidhaa mbovu. Ukimlipa mtu uliyemkusudia halafu shingo ikapinda, hayo ni ya kumalizana na muuzaji. Ukikosea nambari kweli, ripoti saa ileile. Pesa zikishatolewa na mpokeaji, kazi inakuwa ngumu.

Wewe unayeuza gitaa lako la zamani, usiachilie chombo kwa kuona ujumbe tu, maana ujumbe wa uongo unatengenezwa. Angalia salio lako mwenyewe. Mnunuzi wa kweli hatakasirika kusubiri dakika moja.

Weka hii mfukoni

Mwili: kiwiko kinatulia, bega halipandi.
Shingo: imenyooka, dole gumba halikazi.
Nyuzi: kadi tatu freti ya 12.
Daraja: karatasi haiingii.
Pesa: mkono kwanza, PIN baadaye.

Ukiwa na kaka, binti au mwanakwaya anayetafuta gitaa, mtumie somo hili kabla hajatuma hiyo deposti. Na PIN yako ni yako peke yako, hata fundi wa gitaa usimwambie.