USALAMA NA AFYA: Mchuzi Mwepesi wa Kuchovya Bugali



Pande zetu za Uvira, bugali bila mchuzi wa kuchovya haushuki. Mchuzi tuliouzoea ni wa mawese mengi, ndagala za chumvi na pilipili. Ni mtamu, lakini ukiliwa hivyo kila siku unadhuru moyo.

Tuelewane: mawese si sumu. Wekundu wake unaupa mwili vitamini A, inayolinda macho. Ubaya ni wingi. Karibu nusu ya mawese ni mafuta ya kuganda, na yakizidi yanaharibu mishipa ya damu. Chumvi ikizidi inapandisha tansio. Na tansio haiumi: mtu anaingia kazini akijiona mzima, kumbe siku hiyo anapooza upande mmoja, na nyumba nzima inakosa mkono wa kuilisha.

Jaribuni mchuzi huu wa maharagi.

Vitu vya kutayarisha: maharagi makavu vikombe 2, nyanya 4, kitunguu 1, vitunguu saumu punje 3, pilipili, ndimu 1, mawese vijiko 2 vya mezani, chumvi nusu kijiko cha chai.

Namna ya kupika:

1. Loweka maharagi usiku kucha. Asubuhi mwaga maji hayo.

2. Tia maji mapya, yachemke kwa nguvu dakika 10 kamili, kisha endelea mpaka yalainike kabisa. Maharagi yasiyoiva, hasa mekundu, yana sumu inayotapisha na kuharisha.

3. Yaponde kwa mwiko, ukiongeza maji yake kidogo kidogo mpaka yawe mazito kama uji.

4. Kaanga kitunguu, saumu, nyanya na pilipili kwa vile vijiko 2 vya mawese. Changanya na maharagi.

5. Epua, tia chumvi, kamulia ndimu. Ukali wa ndimu unafanya ulimi usidai chumvi nyingi.

Ninyi mlio juu Mulenge, kumbukeni: milimani maji yanachemka kabla ya kufika digrii 100, kwa hiyo maharagi yanachelewa kuiva. Ongezeni muda, si magadi. Magadi yana sodiamu, ile ile ya chumvi inayopandisha tansio.

Maharagi yanajenga mwili kama samaki na nyama, na yanashibisha muda mrefu. Mwenye kazi ngumu asiogope kwamba atakosa nguvu.

Mafuta yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe kutoka chupani. Chumvi yote ya siku moja, pamoja na ile ya ndagala na ya vidonge vya mchuzi, isipite kijiko kimoja cha chai kwa mtu mzima.

Njooni dispensari kupima. Ukikutwa mara kwa mara na 140 kwa 90 au zaidi, unahitaji muganga. Na anayekunywa dawa ya tansio asiiache kwa sababu amebadili mchuzi: chakula kinasaidia dawa, hakichukui nafasi yake.