Kiangazi Ipole: pima maziwa yako kabla hujapimwa

Mvua zimekata. Kuanzia sasa hadi Novemba nyasi zitazidi kukauka, ng'ombe aliyejaza ndoo mwezi Machi atatoa nusu yake, lakini wateja wa Sikonge hawatapungua. Hapo ndipo maji huingia kwenye dumu.

Mchakachuaji anajijua, sina la kumwambia. Nasema na wewe, ndugu mfugaji, unayekamua kwa haki kisha ukarudishiwa ndoo mbele za watu. Laktomita, ile ya kioo inayoelea, inaweza kukusingizia. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka maziwa mabichi ya ng'ombe yasome 1.028 hadi 1.036 yakiwa na nyuzi joto 20. Nani Ipole ana maziwa ya nyuzi 20 saa nne asubuhi? Kwa laktomita iliyotengenezwa kwa nyuzi 20, ongeza takriban 0.0002 kwa kila nyuzi iliyozidi. Maziwa ya nyuzi 26 yaliyosoma 1.027 kumbe ni 1.0282. Yamefaulu! Tena usipime yakiwa na povu la kukamuliwa: yaache yatulie, koroga taratibu, ndipo uzamishe.

Nayo laktomita hudanganywa. Ukiengua malai maziwa huzidi uzito. Ukitia maji, yanarudi palepale, na kipimo kinanyamaza. Maabara hainyamazi. Itapima mafuta, yasipungue asilimia 3.25, kisha itayagandisha: maziwa halisi huganda karibu nyuzi 0.53 chini ya sifuri, na kila kikombe cha maji huisogeza namba hiyo kuelekea sifuri. Aliyekoleza kwa unga wa muhogo huumbuliwa na tone la iodini. Maziwa hugeuka bluu.

Kuna jambo wapimaji wengi hawalisemi: ng'ombe mwenye njaa hutoa maziwa mepesi bila tone la maji kuongezwa. Ukituhumiwa, usigombane. Omba ng'ombe wako akamuliwe mpimaji akiwapo, maziwa hayo yapimwe sambamba na yale aliyoyakataa. Zikilingana namba, tatizo liko kwenye hori.

Basi mabua ya mahindi msiyachome mwaka huu. Majani ya karanga yakusanyeni yangali na ukijani, yaanikwe kivulini, yapandishwe darini mchwa wasiyafikie. Oktoba mtayashusha.