Gazeti la Zamani Linafikaje Kwenye Intaneti?

Wengi wetu tukipewa kazi ya historia ya kwetu tunakimbilia vitabu vya wageni. Kumbe wazee wetu waliandika wenyewe! Gazeti la Kiongozi lilianza Tanga mwaka 1904, kwenye shule ya serikali ya Wajerumani. Mambo Leo likaanza Dar es Salaam mwaka 1923. Shida ni kwamba karatasi ya gazeti ni dhaifu: inageuka njano, inakauka, mwisho inavunjika mkononi. Ndiyo maana inabidi kuwahi. Kazi yenyewe ina hatua nne.

Kwanza, kukusanya. Ni nadra maktaba moja kuwa na matoleo yote, kwa hiyo hutengenezwa orodha ya yaliyopo na yanayokosekana.

Pili, kupiga picha. Ukurasa hupitishwa kwenye skana, kwa kawaida nukta 300 hadi 400 kwa inchi. Kama lipo kwenye mikrofilimu, huskaniwa filamu hiyo. Ni haraka zaidi, ila filamu ikiwa mbovu, picha nayo itakuwa mbovu.

Tatu, kuigeuza picha kuwa maandishi. Bila hivyo huwezi kutafuta neno. Kuna programu za kutambua herufi, lakini programu iliyozoeshwa Kiingereza hukosea sana Kiswahili. Tena tahajia ilikuwa haijasanifiwa kabla ya miaka ya 1930. Ukitafuta "habari" tu, utakosa palipoandikwa "khabari". Basi jaribu zote mbili.

Nne, kuliweka wazi, baada ya kuangalia hakimiliki. Hapa nchi zinatofautiana. Chronicling America ya Library of Congress, iliyoanza 2007, ni bure. British Newspaper Archive, iliyoanza 2011, sehemu kubwa ni ya kulipia. Trove ya Australia ni bure, na wasomaji wenyewe husahihisha makosa ya kompyuta, mstari kwa mstari.

Sasa hebu tujiulize. Gazeti lililochapwa Tanga likifungiwa nyuma ya malipo ya dola au pauni, mwanafunzi wa Tanga atalisoma vipi? Sisi huku mara nyingi tunaingia kwa kitambulisho cha chuo tu, wala hatuhisi kwamba kuna mlango. Yeye anauona umefungwa.

Kwa hiyo maktaba yoyote ya huku ikitangaza mradi wa magazeti yetu, tuulize mambo mawili: je, watu wa nyumbani watasoma bure? Na Kiswahili chake kitasahihishwa na nani? La kwanza tulidai. La pili tunaweza kulijibu sisi wenyewe, maana lugha tunayo.

Zoezi la muhula huu: nenda maktaba ya chuo chako, uliza kama wana gazeti lolote la zamani la Afrika Mashariki, la karatasi au mikrofilimu. Andika jina, mji na tarehe za matoleo, uje nayo kwenye mkutano wetu. Tukiunganisha orodha zetu, hatua ya kwanza tutakuwa tumeianza. Haba na haba hujaza kibaba.