MAFUNZO YA KILIMO: UKUBWA WA TREKTA

Watumishi na wakaazi wenye mashamba Usoke, mkoani Tabora, wanakumbushwa kupima shamba kabla ya kukopa fedha za trekta. Plau yenye upana wa sentimita 90, ikivutwa kilomita 5 kwa saa, hulima mita za mraba 4,500, yaani ekari moja na ushei. Pawatila ya sentimita 60, kwa kilomita 3, hulima 1,800. Ikitolewa robo ya muda kwa kugeuza, ekari 5 humalizika kwa saa 15. Mvua za Novemba zitaingoja, mradi visiki vimeng'olewa. Mpango wa karanga wa 1947, uliofika Urambo jirani, ulitegemea mitambo mikubwa. Mingi iliharibika, nao ukafutwa 1951. Muuzaji aulizwe kwanza vipuri vinapatikana wapi.